Nakala za Muda Katika Kompyuta



Makatibu wengi sasa hutumia kompyuta, ya chama au ya kukodi mjini Mwanza, kupeleka taarifa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (MUVU) na kusoma matangazo ya Bodi ya Pamba. Yafaa basi kufahamu namna kivinjari kinavyofanya kazi, yaani programu ifunguayo kurasa za mtandao, kama vile Chrome au Firefox.

Kivinjari kikifungua ukurasa, huweka nakala ya picha na maandishi yake ndani ya kompyuta. Ukiurudia, huchukua nakala hiyo badala ya kuagiza yote upya. Hivyo ukurasa hufunguka upesi, na kifurushi cha intaneti hakitumiki ovyo.

Lakini nakala huweza kupitwa na wakati. Katibu huweza kubandika ubaoni bei ya pamba iliyokwisha kubadilika, na mkulima akaleta mzigo kwa bei isiyokuwapo. Kabla ya kunakili bei, bonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja ili ukurasa uletwe upya.

Katika kompyuta ya watu wengi, hatari ni kubwa zaidi. Humo hubaki pia kumbukumbu ndogo ziitwazo vidakuzi, ambazo huweza kumfungulia mtu mwingine akaunti ya chama. Kwa hiyo:

1. Usikubali nywila ihifadhiwe.
2. Ukimaliza, toka katika akaunti.
3. Bonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja. Dirisha likitokea, chagua muda wote, kisha ufute.
4. Futa pia hati ulizopakua, kwani hizo hubaki.

Hesabu za chama ni dhamana ya wanachama wote.