Chombo cha Kutafuta Chuma

Nyamitaba iko katika milima ya Masisi. Katika milima hiyo vita vimeacha mabomu ambayo hayajalipuka.

Watu waliofundishwa huyatafuta kwa chombo kinacholia kikikaribia chuma. Chombo hicho kina kitufe cha kuongeza na kupunguza usikivu. Usikivu ukizidi, hulia ovyo, kwa kuwa udongo uliotokana na moto wa milima kama Nyiragongo una chembe za chuma. Ukipungua mno, hupita juu ya bomu kimya.

Basi, mtu afanyeje? Hupunguza usikivu kidogo kidogo mpaka chombo kinyamaze juu ya udongo mtupu. Kisha hukijaribu juu ya kipande cha chuma alichokizika mwenyewe. Kisipolia, haanzi kazi.

Nawe ukiona chuma usichokijua, usikiguse! Rudi kwa njia uliyojia, ukawaambie wakubwa.