Je, Wajua? Ufa Unaojificha Chini ya Tairi

Gurudumu la ndege ndogo kwa kawaida ni vipande viwili vya aloi ya alumini au magnesiamu vilivyofungwa pamoja kwa bolti. Fundi hutoa upepo wote kwanza, ndipo alegeze bolti. Akipindua utaratibu huo, vipande vinaweza kufyatuka na kumuua. Ufa wa kuogopwa zaidi huanzia pale ukingo wa tairi unapokalia rimu, pasipoonekana hadi tairi livuliwe. Hata hapo, mzigo ukishaondoka ufa hujibana kiasi kwamba rangi ya kupenyeza inayotumiwa kufichua nyufa huenda isiingie. Ndiyo maana hutumika kifaa cha mikondo ya umeme, ambayo hubadilika inapokutana na ufa. Kutu nayo huja kama unga mweupe, hasa penye chumvi ya bahari, na vishimo inavyoacha huzaa nyufa mpya.