Kadi ya Kliniki ya Mgongo Si Bima

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo tuzungumze juu ya maumivu ya mgongo na pesa za kuyatibu.

Juzi, siku ya kupima watoto uzani, mama mmoja alinivuta kando. Binti yake yuko Marekani, na kazi yake ni kuwahudumia wazee na kuwainua kitandani. Mgongo ukaanza kumsumbua. Akajiunga na kliniki ya kunyoosha mgongo, ambako hulipa ada moja kila mwezi na hutibiwa bila kuulizwa habari za bima. Akamwambia mamake kwa simu, "Bima nimeachana nayo." Sasa mama akaniuliza, "Sista, nami niache kulipa SHA, hizo pesa nizipeleke kwa mgongo wangu?"

Ni swali zuri, kwa hivyo nimelileta hapa tulijibu pamoja.

Tiba hiyo huitwa kairopraktiki. Mtaalamu hutumia mikono yake kusukuma na kunyoosha viungo vya uti wa mgongo. Ilianzishwa Marekani mwaka wa 1895 na Daniel David Palmer, katika mji wa Davenport. Huko, mara nyingi bima hulipia sehemu tu ya tiba hii, na mgonjwa hujazia. Ndiyo sababu kliniki kadhaa zimeacha kupokea bima. Badala yake, mgonjwa anakuwa mwanachama, analipa ada isiyobadilika, na anapata idadi fulani ya ziara kwa mwezi. Faida yake ni kwamba bei inajulikana mapema na fomu si nyingi.

Lakini mama, ada hiyo ni kama kulipa maziwa ya mwezi mzima. Umelipa, utaletewa maziwa. Mtoto akivunjika mguu, mwuza maziwa hana deni lako. Bima ni kitu kingine. Bima ni kama kikundi cha akina mama cha kusaidiana: wote mnachanga, na aliyepatwa na shida ndiye anayeinuliwa. Kadi ya kliniki ya mgongo haitalipia kujifungua kwa upasuaji, wala mtoto kulazwa kwa nimonia.

Hapa kwetu Kenya, SHA ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Asiye na mshahara hutozwa kulingana na mapato ya nyumba yake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Sasa tupige hesabu ya mfano. Tuseme kliniki inatoza shilingi 4,000 kwa mwezi kwa ziara 4. Ukienda zote, kila ziara ni shilingi 1,000. Ukienda mara moja tu kwa sababu ya kazi za shamba, ziara hiyo moja imekugharimu 4,000. Kwa mwaka ni shilingi 48,000, na bado huna bima.

Je, tiba yenyewe inasaidia? Mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya kiuno yaliyodumu. Kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono ni mojawapo ya njia zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi na mafunzo ya kujitunza. Mazoezi hayo hayana ada. Maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe katika wiki chache. Usilale kitandani siku nzima. Tembea na ufanye kazi nyepesi. Ukiinua mtungi, kunja magoti na uulete karibu na mwili. Beba maji kidogo kidogo. Ukinyonyesha, egemea ukuta na mlete mtoto kwenye titi, usimwinamie. Na mtoto mchanga, tafadhali, asinyooshwe shingo wala mgongo na mtu yeyote.

Kuna maumivu ya mgongo yasiyongoja. Nenda hospitali upesi ukiona haya:

- Miguu inalegea, au sehemu za siri zinakufa ganzi.
- Mkojo au choo hakizuiliki, au mkojo umekataa kutoka.
- Una homa, au mkojo unachoma.
- Unakonda, unakohoa kwa muda mrefu au unatoka jasho usiku. Kifua kikuu huweza kuingia kwenye mifupa ya mgongo.
- Umeanguka au umepata ajali.
- Una mimba, na maumivu yanakuja na kuondoka, au unatokwa na damu au maji.

Ukiwa na dalili hizi, usikubali mtu akusukume mgongo kabla hujapimwa.

Na ukikutana na kliniki yoyote inayokuuzia kadi ya mwezi, uliza kwanza: Mtaalamu amesomea wapi na ana leseni? Ada inalipia ziara ngapi, na picha ya eksirei imo? Nikikosa ziara, inasongezwa mwezi ujao? Nikitaka kuacha, naacha vipi? Akikuambia ulipe mwaka mzima kabla hajakupima, shika mkoba wako urudi nyumbani.

Yule mama nilimjibu hivi: mpigie binti yako, umwambie kadi yake aendelee nayo ikiwa inamfaa, lakini atafute na bima. Akiugua huko bila bima, bili ya hospitali itamfuata miaka mingi. Nawe endelea kulipa SHA, kisha njoo nikuonyeshe mazoezi ya kiuno.

Nawe msikilizaji, ikiwa hujajiandikisha, bonyeza *147# kwa simu yako, au muulize mhudumu wa afya wa kijiji chako akusaidie. Fanya hivyo kabla ya ugonjwa kubisha hodi.

Hadi tukutane tena, tunza mgongo wako, maana ndio unaobeba watoto. Kwaheri.