Kusafisha Chumba cha Kupasulia

Katika hospitali kama ile ya Kanisa Katoliki ya Igogwe, wilaya ya Rungwe, mgonjwa mmoja akiisha kupasuliwa, wa pili haingizwi mpaka chumba kisafishwe. Nguo zenye damu huondolewa. Taa, meza, kisha sakafu hupanguswa kwa dawa, kutoka juu hata chini. Vyombo huoshwa, ndipo hutiwa katika chombo cha mvuke.

Mbona visichemshwe tu? Viko vijidudu, kama vya pepopunda, vistahimilivyo maji yachemkayo. Nasi tukaao milimani, maji yetu huchemka kabla ya kufika digrii 100. Mvuke uliofungiwa hufika digrii 121, ukaviua.

Basi, ndugu yako akingojeshwa mlangoni, tusinung'unike: wanaolinda uhai wake wamo kazini.