Sadd iko juu, nyumba iko chini

Mwezi uliopita nilikuwa Jeddah kwa binti yangu. Yeye na mumewe walikuwa wakitafuta nyumba ya kupanga, na dalali akatupeleka mashariki mwa mji: vyumba vinne vya chini, uwanja wa watoto kucheza, kodi nafuu kuliko zote tulizoziona. Nikamuuliza dalali, mvua ikinyesha maji yanapita wapi? Akacheka. "Ya ammi, kuna sadd huko juu. Usiwe na wasiwasi."

Nikatoka nje kunyoosha miguu. Mbali kidogo palikuwa na mkunazi, na matawini mwake, usawa wa kifua changu, vijiti na mifuko ya nailoni vimeshikana na tope kavu, vyote upande wa milimani. Upepo hubeba nailoni, haupaki tope. Basi nikajua tumesimama ndani ya njia ya maji.

Kwetu sadd ndogo ya udongo tunaiita lambo. Nilifundisha jiografia miaka mingi skuli ya sekondari ya misheni huko milimani Usambara, na mwaka mmoja mimi na wanafunzi tulijenga lambo ili maji ya mlimani yasichukue bustani ya mboga. Tulileta udongo wa mfinyanzi, tukaushindilia kwa magogo tabaka juu ya tabaka, tukajiona mainjinia khasa. Mvua kubwa ya kwanza ililijaza usiku, maji yakapita juu ya tuta, na asubuhi katikati pana pengo la kupita ng'ombe wawili. Mkuu wa skuli, padri mzee, akaniuliza udongo ulikuwa na kasoro gani. Udongo haukuwa na kasoro. Mwalimu ndiye aliyesahau kuchimba mchirizi wa pembeni wa kutolea maji ya ziada.

Na hapo ndipo penye ugonjwa mkubwa wa sadd ya udongo. Maji yakishapita juu yake hukwangua mgongo wa tuta, pengo hupanuka, maji huzidi kasi, na saa chache zinatosha. Ugonjwa wa pili ni wa siri. Maji hujipenyeza ndani ya tuta kupitia shimo la panya au mzizi wa mti uliooza, yakatoka na udongo chembe kwa chembe mpaka panafanyika bomba. Ndiyo maana miti haiachwi kuota juu ya tuta. Maji safi yakichuruzika kidogo upande wa chini, mainjinia huyafuatilia tu. Yakitoka ya tope, tuta lenyewe linaondoka, na mtu aseme saa ile ile.

Halafu sadd ya kuzuia mafuriko hukaa tupu. Kazi yake ni kupokea maji ya ghafla na kuyaachia kidogo kidogo. Mwaka ukipita bila mvua, na wa pili, watu husahau. Wanamwaga vifusi ndani, wanajenga chini yake.

Waliokuwa Jeddah hawahitaji kukumbushwa 25 Novemba 2009, siku ya Tarwiya, 8 Dhulhija 1430. Mvua ya milimita 90 hivi ilishuka kwa saa chache, katika mji ambao mwaka mzima hupata kama 50. Watu zaidi ya 120 walikufa, wengi mitaa ya Quwaizah na jirani zake, iliyojengwa kwenye mapito ya wadi. Farman Ali Khan, Mpakistani, aliokoa watu 14 kabla ya yeye mwenyewe kuchukuliwa na maji. Mtaa mmoja wa Jeddah una jina lake leo, Mwenyezi Mungu amrehemu. Siku zile kila mtu aliogopa sadd ya ziwa la maji machafu, lile walilolipa jina la Miski kwa kejeli. Iliyokuja kukatika ni nyingine. Tarehe 26 Januari 2011 zilinyesha milimita 111 kwa saa tatu hivi, na sadd ya udongo ya Umm al-Khair ikapasuka, maji yakaingia majumbani.

Baada ya hapo serikali iliikabidhi Aramco kazi ya kuuhifadhi mji, zikajengwa sadd mpya na mifereji. Tarehe 24 Novemba 2022 zilinyesha milimita 179, karibu mara mbili ya zile za 2009. Magari yalizama, watu wawili walifariki. Wawili ni wengi kwa mama zao, lakini tofauti inaonekana.

Jambo lenyewe si geni nchi hii. Mwaka wa 17 Hijria seli liliingia Msikiti wa Makka likaondoa Maqamu Ibrahim mahali pake. Sayyidna Umar akaamuru lijengwe boma la mawe na udongo upande wa juu, maji yageuzwe. Na Riyadh, kwa mwanangu, Wadi Hanifa ina sadd za zamani kama ile ya al-Ilb, Diriyah. Wadi hiyo ilisafishwa na kurudishiwa uhai, ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 2010. Ijumaa familia zinatandika mikeka humo. Raha tupu, ila wingu likiwa jeusi upande wa juu kunja mkeka, hata kama kichwani kwako kuna jua.

Mkwe wangu alikuwa na hoja yake: sadd za sasa ni mpya. Nikamwambia twende basi tukaione. Tulikwenda baada ya Alasiri. Sadd nzuri, imara, na mlango wake wa maji ya ziada umejengwa vizuri. Tukaufuata mfereji kwa gari kushuka chini, na mtaa wa pili kutoka ile nyumba tukaukuta umejaa vifusi, matairi na godoro. Mkwe akapiga simu 940 ya baladiya palepale. Njia nzima ya kurudi hakusema kitu.

Wamechukua fleti ghorofa ya pili, mtaa mwengine, kodi imezidi. Binti yangu kila akipiga simu ananikumbusha ule uwanja wa watoto.