Mwenye Kamera Naye Ana Mkono

Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka wanafunzi wa chama cha wanyamapori cha shule yetu katika hifadhi ya Maasai Mara. Wengi wao walizaliwa na kulelewa mjini. Simba walimjua kwa picha za vitabuni na kwa ngao ya taifa. Siku ya pili, yapata saa nne asubuhi, dereva alisimamisha gari ghafla, akatuonyesha kwa kidole. Duma jike alikuwa amejibanza nyuma ya kichuguu, macho ameyakaza kwenye kundi la swala. Pembeni mwa kundi hilo kilikuwapo kitoto kimoja, miguu yake bado ikiyumbayumba.

Kimya kilitanda garini. Ndipo msichana mmoja wa kidato cha pili aliponivuta mkono wa shati, akaninong'oneza: "Mwalimu, mbona hatupigi honi? Kitasikia, kitakimbia."

Nilimjibu kama nilivyofunzwa mimi: "Tumekuja kutazama, hatukuja kuhukumu."

Wakati ule niliona kwamba nimejibu kwa hekima. Leo nakiri kuwa jibu lile lilikuwa nusu ya ukweli, na ile nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Wanaopiga picha za wanyama wakali wana kanuni yao kongwe: usiingilie kati. Ni kanuni yenye mashiko. Duma naye ana tumbo, na huenda ana watoto. Anayemwokoa kitoto cha swala huwahukumu njaa watoto wa duma. Wahenga walilisema jambo hili kwa maneno mawili tu: kufa kufaana. Sisi tulio magarini humwonea huruma yule tumwonaye akifa. Yule anayekonda kwa njaa kichakani, mbali na macho yetu, hana wa kumlilia. Huruma ya namna hiyo ni upendeleo, ingawa huvaa joho la wema.

Wakenya tumewahi kuonjeshwa ugumu wa jambo hili. Mwanzoni mwa mwaka 2002, katika hifadhi ya Samburu, simba jike mmoja alimchukua ndama wa choroa, akatembea naye, akalala naye, akamlinda kama mwanawe. Wenyeji walimwita Kamunyak, yaani aliyebarikiwa. Habari zake zilienea duniani kote, nao wapiga picha wakamfuata. Lakini simba hakuwa na maziwa ya kumpa ndama, wala ndama hakuweza kula nyama. Baada ya takriban majuma mawili simba dume alimuua ndama yule. Kamunyak hakukoma, aliwachukua ndama wengine baadaye, na mmoja wao aliyekuwa akidhoofika aliondolewa na walinzi wa wanyama.

Je, yupi alitenda haki: aliyepiga picha akanyamaza, au aliyemwondoa ndama? Nimewauliza wanafunzi swali hili darasani mara nyingi, na kila mara darasa hugawanyika. Sijawahi kulilazimisha liafikiane. Jambo moja tu huwaomba walichunguze: kila upande unadhani kwamba mpiga picha alikuwa nje ya tukio. Hapo ndipo tunapokosea sote.

Niirejelee safari yetu. Wakati nikimpa yule msichana jibu langu la hekima, magari mengine matatu yalifika kwa kasi, vumbi likatimka. Moja lilipita katikati ya duma na swala ili abiria wake wapate picha nzuri zaidi. Swala waliinua vichwa, wakatoweka. Duma alisimama, akatutazama kwa kitambo, kisha akaondoka polepole. Hakuna aliyepiga honi, injini zilitosha. Msichana aligeuka akaniuliza: "Mwalimu, si tumeingilia?"

Sikuwa na jibu. Wala sikujua kama duma yule alikuwa na watoto waliomngoja mahali.

Waliolichunguza jambo hili kitaalamu wametupa takwimu za kututia hayaa. Utafiti kuhusu duma wa Maasai Mara uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika maeneo yenye watalii wengi, duma jike alifanikiwa kulea wastani wa watoto 0.2 hadi kujitegemea kila anapozaa. Katika maeneo yenye watalii wachache, wastani ulikuwa 2.3. Tufanye hesabu ya darasani: mama akizaa mara tano penye msongamano, anapata mtoto mmoja, penye utulivu, anapata zaidi ya kumi na mmoja. Si kwamba watalii walionekana wakiua watoto wa duma. Kinachodhaniwa ni kwamba msongamano humfanya mama ashindwe kuwinda, au auache mzoga kabla hajashiba. Duma huwinda zaidi mchana, saa zile zile tunazotembea sisi. Kumbe anayejigamba kuwa haingilii kati huenda ameshaingilia tangu alipozungusha ufunguo wa gari.

Basi tushike lipi? Mimi nashikilia kanuni hii: alichokitenda mnyama kwa mnyama mwenzake tukiache, tulichokitenda sisi, tukitengeneze. Ufa tulioutia wenyewe tuuzibe wenyewe.

Mnamo Desemba 2015, huko huko Mara, simba wa kundi maarufu liitwalo Marsh, ambalo watazamaji wa televisheni ulimwenguni walilizoea kwa miaka mingi, walikula mzoga wa ng'ombe uliotiwa sumu. Simba jike aliyeitwa Bibi, mwenye umri wa miaka 17, alikufa. Madaktari wa wanyama waliitwa, wakawatibu waliosalia na uhai. Nani angethubutu kusema hapo kwamba maumbile yaachwe yafuate mkondo wake? Sumu si maumbile. Kitanzi cha waya kinachokata shingo ya fisi si maumbile. Mpiga picha akutanaye na mambo hayo, kisha akaendelea kurekebisha lenzi yake, hana kanuni ya kujikingia. Wajibu wake ni kuwaita walinzi na madaktari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, wala si kujitia utabibu mwenyewe.

Haki yenyewe, hata hivyo, ina pande mbili. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe wake naye ni mhasiriwa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua fidia kwa mali iliyoharibiwa na wanyama, lakini fidia aghalabu huchelewa. Anayetaka kumnusuru simba na sumu aanze kwa kumsikiliza mwenye zizi.

Huenda msomaji akanipinga kwa kisa kilichotangazwa mwaka 2018. Wapiga filamu wa BBC walikuta kundi la pengwini, ndege wa barafuni, limenaswa bondeni huko Antaktika pamoja na makinda yao. Tufani ndiyo iliyowafikisha humo, si binadamu. Wale jamaa walichimba njia katika theluji, wakaondoka. Ndege wakapanda wenyewe. Je, walivunja kanuni yangu? Naam, waliivunja, nami siwalaumu. Hapakuwa na mwindaji aliyenyang'anywa mlo mdomoni, wala hawakumgusa ndege hata mmoja. Kisa hiki chanifundisha kwamba kanuni haiwezi kuchukua nafasi ya fikra. Kabla ya kunyoosha mkono wa msaada tujiulize: nani atakayelipa gharama ya wema huu? Ikiwa mlipaji ni mtoto wa duma asiyeonekana, basi wema huo una kasoro.

Enyi walimu wenzangu, mnapowaandaa wanafunzi kwa ziara za mbugani, msiwafunze majina ya wanyama pekee. Wafunzeni kumwambia dereva: "Tafadhali, rudi nyuma." Kanuni za Mara zinataka magari yasizidi matano penye mnyama mmoja; lakini dereva hutii kile abiria wake wanachokitaka, hasa akitarajia bahashishi. Siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha, na wengi hupimana kwa ukaribu wa picha. Nanyi wanafunzi, picha ya mbali iliyopigwa bila kumsumbua mnyama msiionee haya.

Msichana yule alihitimu zamani. Katika daftari lake la safari alibandika picha moja tu ya siku ile: duma ameupa mgongo umati wa magari, anakwenda zake. Chini yake aliandika sentensi moja ambayo sikuithubutu kuisahihisha, ingawa haikuwa na nukta: "Huyu alilala njaa kwa sababu yetu"