Mwangwi Uwe Gitaa la Pili

Wapiga gitaa kavu wengi huichukulia pedali ya mwangwi kama pambo tu, kitu cha kuwashwa wimbo unapopoa ili sauti isikike pana na ya mbali. Ndiyo maana viongozi wengi wa kwaya hawaitaki, na kwa jinsi inavyotumiwa wana haki. Lakini kwa mpiga gitaa wa Kongo ya mashariki pedali hiyo ina kazi nyingine, tena ya maana zaidi. Katika mtaa kama Saio, mjini Bunia, ambako gitaa moja linaweza kuachiwa kubeba wimbo mzima, mwangwi uliopimwa kulingana na mapigo ya wimbo unaweza kushika nafasi ya mpigaji wa pili. Ukiwekwa kwa kubahatisha, ni kelele.

Nasema hivyo kwa sababu muziki wa eneo hili umejengwa juu ya kujibizana. Wambuti wa msitu wa Ituri, ambao mtafiti Colin Turnbull aliwarekodi katika miaka ya 1950, wana nyimbo ambazo kila mwimbaji hushika noti chache tu na kuzitoa kwa zamu yake, na wimbo wenyewe huzaliwa kati yao. Hakuna mmoja anayeuimba wote. Nchini Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert, wapigaji wawili wa amadinda ya Buganda hukaa wakitazamana, kila mmoja akigonga katika nafasi anayoiacha mwenzake. Bendi za rumba zikaja na mi-solo, gitaa linalopenya kati ya solo na ritimu. Naye Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, aliyafanya yote hayo kwa mkono mmoja: dole gumba likishikilia besi, kidole cha shahada kikijibu juu. Mtaalamu David Rycroft aliuchambua upigaji wake katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, na kazi hiyo ilichukua matoleo mawili. Masikio yaliyolelewa na muziki wa namna hii hayahesabu jibu kuwa kasoro. Yanalingoja.

Pedali yenyewe hufanya jambo rahisi: huinakili sauti inayoingia, huishikilia kidogo, kisha huitoa tena. Zamani kazi hiyo ilifanywa na utepe wa sumaku ndani ya mashine nzito. Mwaka 1969 wahandisi wa Philips walibuni saketi inayopitisha sauti hatua kwa hatua, mithili ya watu waliojipanga wakipokezana ndoo za maji, na kuanzia miaka ya 1980 zikaenea pedali za kidijitali. Vitufe vikuu ni vitatu: cha muda, cha idadi ya marudio na cha kiwango cha sauti. Wengi huhangaika na hicho cha mwisho, ilhali mambo yote yako kwenye cha kwanza. Chukua wimbo wa mapigo 100 kwa dakika. Dakika ina milisekunde 60,000, kwa hiyo pigo moja ni 600. Ukiweka muda wa 600, mwangwi utaangukia juu ya noti unayoipiga wakati huo na kumezwa nayo. Sasa weka 450, yaani robo tatu ya pigo, na upige noti mbili kwa kila pigo, moja kila baada ya milisekunde 300. Noti ya kwanza itarudi katikati kabisa ya ile ya pili na ya tatu. Ya pili itarudi katikati ya ile ya tatu na ya nne. Vidole vimepiga mbili, msikilizaji anasikia nne, na zile za ziada zimekaa palepale ambapo mtu wa mi-solo angeziweka. Marudio yawe moja tu. Rudio la pili litafika milisekunde 900 baada ya noti, wakati uleule unapopiga noti nyingine, na kama umeshabadilisha kodi, zitagongana.

Wapo watakaosema gitaa kavu linapendwa kwa ajili ya mbao zake, na kulipitisha kwenye mashine ni kuliua. Hoja hiyo ina uzito gitaa likipigwa bila spika, sebuleni au barazani. Likishachomekwa kwenye vyombo, tayari limepita kwenye mashine: kile kinasa sauti cha piezo kilichofichwa chini ya daraja hutoa sauti kali, nyembamba, yenye kila mkwaruzo wa ukucha, na pedali itarudia mikwaruzo hiyo kwa uaminifu. Kwa hiyo anza na priampu, ile iliyomo ndani ya gitaa au ya kando, kisha ndipo uweke mwangwi, na punguza ukali wa marudio yasikike mazito kidogo kuliko noti halisi. Pedali za analogi, zile za saketi ya hatua kwa hatua, hufanya hivyo zenyewe. Mwingereza John Martyn, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alilipitisha gitaa lake la mbao kwenye mashine ya utepe iitwayo Echoplex, na vishindo vya mkono wake juu ya nyuzi vikageuka ngoma. Mbao hazikufa, zilipata mwenza.

Pingamizi la ukumbi ni zito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu. Jengo la matofali lenye paa la bati lina mwangwi wake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo hadi ukuta ulio umbali wa mita 17 huenda na kurudi kwa milisekunde 100, na kuongeza mwingine juu ya huo ni kuvuruga maneno ya wimbo. Pima basi ukumbi ukiwa na watu, maana miili yao hunyonya sauti, na kwaya nzima ikishaingia na ngoma, zima pedali. Izime pia akiwepo mpigaji wa pili wa kweli. Kiti ni chake. Ama dai kwamba mashine hulea uvivu, hesabu inalikataa. Ukiharakisha kutoka mapigo 100 hadi 106, mwangwi wa 450 utachelewa kwa takriban milisekunde 25, na wimbo utaanza kuchechemea mbele ya kila mtu. Asiyeshika mapigo hana pa kujificha hapa.

Kuhusu umeme, pedali nyingi hutumia volti 9 na baadhi huendeshwa na betri, jambo la kuulizia kabla ya kununua mahali ambapo umeme si wa kutegemea. Angalia pia alama ya chanya na hasi kwenye adapta. Ikigeuzwa inaweza kuiunguza pedali. Kisha anza hivi: rudio moja, robo tatu ya pigo, kiwango cha chini kuliko noti yako, na mwenzio akae nyuma kabisa ya ukumbi asikilize. Akikuambia anasikia mashine, punguza. Akiuliza ni nani anayepiga gitaa lile jingine, acha vitufe hapo vilipo.